Waliofika Mwezi wa Tatu

Ofisi ya pensheni ilikuwa na seva mbili, zile mashine za kuhifadhia kumbukumbu za watu. Ya zamani wafanyakazi waliiita Bibi, na mpya wakaiita Bi Harusi. Bibi alikuwa amekaa katika chumba cha baridi miaka kumi na mmoja, akikoroma, akiendeshwa na programu ya toleo ambalo hata waliolitengeneza walishaacha kulipokelea simu. Bi Harusi aliletwa akiwa bado amefungwa nailoni. Kazi ya fundi ilikuwa kutoa kila kilichokuwa tumboni mwa Bibi na kukikabidhi kwa Bi Harusi.

Kila mstaafu alikuwa na faili yake humo, na ndani ya faili kulikuwa na picha ya uso wake na alama za vidole alizotia mwezi wa tatu, siku alipofika kwa miguu yake kuthibitisha kuwa yu hai. Asiyekuwa na picha hiyo mfumo humhesabu kuwa hakufika, na asiyefika hukatwa malipo ya miezi mitatu. Hiyo ndiyo kanuni, na kanuni haina shangazi.

Tatizo la kuhamisha lilikuwa kwamba mashine hizi mbili hazikuelewana. Toleo la Bibi lilikuwa nyuma mno, na Bi Harusi hakuielewa lugha yake. Njia salama ilikuwa kumpandisha Bibi toleo moja hadi jingine mpaka amkaribie mwenzake, na kila hatua ina majaribio yake. Fundi aliomba wiki tatu. Mkuu wa kitengo akampa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwa kuwa Jumatatu wageni walikuwa wanakuja kukata utepe.

"Wewe si fundi?" mkuu alimuuliza. "Au nitafute fundi mwingine?"

Swali hilo lilikuwa na meno. Fundi alikuwa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huu ukiwa mwaka wake wa sita wa kuitwa "wa muda", na mkataba ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Akasema siku tatu zinatosha. Akakaa chini akaandika kiprogramu chake mwenyewe cha kusimama katikati kama mkalimani, kikawa kinachukua kwa huyu na kumpa yule. Jumamosi alasiri kioo cha kompyuta kikaandika: faili 4,306 zimetoka, faili 4,306 zimefika.

Akafungua tano za juu ili ahakikishe kwa macho. Zote zilifunguka vizuri, uso, vidole, tarehe. Jumapili akafuata kanuni inayosema diski za zamani zifutwe mara tatu, kwa sababu zimebeba siri za watu. Katika ofisi ile kanuni nyingi zilikuwa za kubandikwa ukutani tu, lakini hiyo fundi aliifuata hadi nukta ya mwisho. Alifuta mara moja, akafuta mara ya pili, akafuta mara ya tatu, huku akipiga mluzi.

*

Nyumbani kwa fundi palikuwa na vyumba viwili na watu watatu. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilishika nusu ya sebule. Nusu nyingine ilikuwa ya kitanda cha Mzee, baba yake fundi. Mzee alikuwa amepooza upande wa kushoto, mkono na mguu, lakini ulimi Mungu alimwachia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani za sokoni. Wauza nyama walimwita Jiwe, kwa sababu hakuwahi kupokea hata kipande cha ini cha kumlainisha, na mizani iliyopungua hata kidogo aliipiga muhuri mwekundu mbele ya wateja. Vidonge vyake vya kila siku vilinunuliwa kwa pensheni yake mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo la heshima kwake. Alipenda kusema kwamba yeye si mgeni wa mtu humo ndani, ni mpangaji anayelipa.

Jumapili hiyo fundi alirudi na mkate mkubwa na furaha usoni, akatangaza kwamba kazi imekwisha.

"Na mimi umenihamisha?" Mzee akauliza.

"Nimekuhamisha, baba. Sasa hivi uko kwa Bi Harusi."

"Kwa umri huu?" alisema Mzee. "Mama yako akifufuka utamjibu wewe."

Mkewe fundi alicheka mpaka sindano ikamchoma. Wakala mkate kwa chai, na fundi akaeleza kwamba mkuu hawezi tena kumnyima mkataba. Safari hii angeomba wa miaka miwili. Mkewe alikuwa ameshaanza kuhesabu kimoyomoyo vyumba vitatu vinapangishwa bei gani, maana mtu haogopi kuota akiwa ameshiba.

*

Jumatatu utepe ulikatwa. Mgeni wa heshima alipongeza, akapigwa picha akiwa ameweka mkono juu ya Bi Harusi, kisha akasema angependa kuona faili moja, yoyote ile. Mkuu akamwambia karani afungue. Karani akafungua, na palipotakiwa kuwa na uso pakawa peupe.

"Mtandao tu huo, mheshimiwa," alisema mkuu. "Fungua nyingine."

Ya pili ilikuwa nyeupe. Ya tatu nyeupe. Mgeni akatazama saa yake kwa adabu, na wale waliomfuata nao wakatazama zao. Mkuu akacheka kicheko cha kukaribisha watu kwenye vinywaji, na alipompita fundi mlangoni akamkanyaga mguu kwa makusudi, kwa kisigino, bila kumtazama.

Fundi alibaki peke yake katika chumba cha baridi. Akafungua faili moja upande wa ndani, pale ambapo karani hafiki, akakuta mstari mmoja tu wa maandishi: *Yaliyomo yako rafu ya chini.* Akafungua nyingine, mstari uleule. Alisoma mara tano kabla ya kutambua kwamba maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe.

Miaka miwili nyuma Bibi alikuwa amejaa, na ofisi haikuwa na fedha za kununua diski kubwa. Fundi akabuni njia. Kila faili ikitimiza siku thelathini, yaliyomo yashushwe kwenye diski kuukuu zilizofungwa chini, na pale juu ibaki karatasi ya kuelekeza. Bibi alijua kuisoma, ukimwomba faili alishuka mwenyewe akakuletea. Siku ile fundi alipigiwa makofi kwenye kikao, akanunuliwa soda, na kwa kuwa njia ile haikusumbua hata siku moja, aliisahau kama mtu anavyosahau ini lake. Bi Harusi na toleo lake jipya hakujua chochote kuhusu rafu. Alichokabidhiwa ndicho alichokipokea, karatasi za kuelekeza 4,268, zikielekeza kwenye diski ambazo fundi alizifuta mara tatu akipiga mluzi. Faili nzima zilikuwa thelathini na nane tu, za wastaafu wapya wa mwezi huu, ambazo ndizo hukaa juu ya orodha. Tano alizozifungua Jumamosi zilikuwa miongoni mwao.

Nakala ya akiba haikuwepo. Kifaa cha kutunzia nakala kilikufa mwaka jana, na fundi alikuwa ameandika barua tatu kuomba kingine. Barua zenyewe zilikuwa salama kabisa, zimetobolewa na kupangwa kwenye jalada. Alijaribu kila ujuzi alioujua kurudisha kilichofutwa, Jumatatu hiyo yote na Jumanne asubuhi, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga kisha akapiga deki. Aliegemea mashine. Uso wa baba yake ulikuwa mmoja wa nyuso zile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hata wa kumlalamikia hakuwa naye.

*

Jumanne mchana mkuu alimwita. Mezani palikuwa na karatasi mbili zilizolala sambamba.

Ya kwanza ilikuwa taarifa. Ilisema kwamba data zote zimehamishwa bila upungufu, na kwamba baada ya mfumo mpya kuanza kazi imebainika kuwa wastaafu 4,268 hawakufika kuhakikiwa mwezi wa tatu. Chini yake palikuwa na nafasi ya saini ya fundi. Karatasi ya pili ilikuwa mkataba wa miaka miwili, wenye jina lake, na nafasi ya saini ya mkuu.

Fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba wazee wale walifika, na kwamba wana vikaratasi vya namba walivyopewa siku ile. Mkuu akamjibu kuwa vikaratasi vile vilitolewa na mlinzi getini, na kufika getini si kuhakikiwa.

"Sikiliza," mkuu akasema, na safari hii hakuwa mkali, jambo lililomtisha fundi zaidi. "Nikisema ukweli, mimi naondoka, wewe unashtakiwa. Umefuta mali ya serikali kwa mkono wako, mara tatu. Na wazee wataitwa upya vilevile. Sasa niambie, nani amefaidika?"

"Lakini watakatwa miezi mitatu, bosi."

"Miezi mitatu inapita. Watu wana watoto wao." Akasukuma kalamu. "Wewe saini hii leo. Ile nasaini mimi Ijumaa."

Fundi aliitazama kalamu. Alifikiria cherehani, kodi ya nyumba, na umri wake wa miaka arobaini na minne ambao hakuna tangazo la kazi linaloutaka. Alimfikiria pia baba yake, akajiambia kwamba akiwa na mkataba ataweza kumnunulia vidonge yeye mwenyewe. Akasaini. Saini yake ilitoka nzuri kuliko siku zote.

*

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mzee Jumatano, saa nne asubuhi. Mzee aliusoma kwa miwani, akavua miwani akaifuta kwa shuka, akausoma tena. Ulisema malipo yake yamesitishwa kwa miezi mitatu kwa kutofika kuhakikiwa, na kwamba afike ofisini kabla ya Ijumaa kujaza fomu, la sivyo jina lake litaondolewa.

Akamwita mkamwana wake aliyekuwa cherehanini. "Mama, njoo usome. Hii simu inanitukana."

Mkewe fundi akasoma. Alikumbuka vizuri siku ile ya mwezi wa tatu. Lifti ya ofisi ilikuwa mbovu, na mumewe alimbeba baba yake mgongoni ngazi zote hadi ghorofa ya pili, naye akafuata nyuma na mkongojo. Mzee alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na aliporudi alikihifadhi kile kikaratasi cha namba kwenye mfuko wa shati hilo, akaagiza lisifuliwe. Mwanamke yule alimwambia baba mkwe wake kwamba bila shaka ni makosa ya mashine, mwanawe atayarekebisha jioni. Mzee akasema ndiyo, bahati nzuri tuna mtu ndani.

Jioni fundi aliposikia habari hiyo hakushtuka vya kutosha, na mkewe aliona. Alimfuata chumbani akafunga mlango.

"Si wewe uliyembeba?" aliuliza.

Fundi akakaa kitandani akamweleza yote, rafu, diski, taarifa, mkataba. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika mkasi wake wa kazi, kwa sababu alisahau kuuweka. Hakupiga kelele. Alipata kuishi na hasira ya ukimya kwa mama yake na hakuipenda, lakini leo aliielewa.

"Vidonge vimebaki vya siku tisa," alisema hatimaye.

"Nitavinunua mimi. Nikipata mkataba..."

"Na wale wengine elfu nne, watoto wao nao wamepata mkataba?"

Mkewe akamwambia amweleze baba yake usiku huohuo, kabla hajalala. Mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi alisema atamweleza, ila si leo, akili itulie kwanza. Wote wawili waliongea kwa kunong'ona, lakini ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa mbao nyembamba, na kitanda cha Mzee kiliegemea ukuta huohuo. Jirani wa pili alikuwa akisikika akipiga chafya humo, sembuse mtu wa hatua mbili.

Wakati wa chakula Mzee hakuuliza lolote. Alisema tu kwamba kesho angependa kwenda huko ofisini kujaza hiyo fomu yao, na kwamba mkamwana amtolee shati lake la mikono mirefu.

*

Alhamisi lifti ilikuwa bado mbovu. Fundi akainama, Mzee akamkumbatia shingo kwa mkono mmoja ulio mzima, wakapanda. Kwenye ngazi walikuwapo wazee wengine wengi, kila mmoja amekaa palepale pumzi ilipomwishia, na waliwapisha kwa kuvuta miguu. Shikamoo za fundi ziliitikiwa kwa uchovu. Baadhi walimwombea Mungu ambariki kwa kumtunza baba yake, na dua hizo alizipokea kama makofi.

Ukumbini foleni ilikuwa imekwama. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa lazima: *Sababu ya kutofika mwezi wa tatu.* Mbele kabisa alisimama mkunga mstaafu, mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, aliyezalisha nusu ya mtaa na aliyezoea kuwaamrisha watu wanaolia. Alikuwa ameweka kikaratasi chake cha namba juu ya meza na kukigonga kwa kidole.

"Sitaandika sababu ya kutofika mahali nilipofika," alikuwa akimwambia karani. "Wewe kijana ulinipiga muhuri hapahapa. Au nimekuwa mzuka?"

Karani aliinamisha uso. Naye alimkumbuka vizuri, kama alivyomkumbuka fundi akipanda na mzigo wake siku ile, lakini alikuwa ameelekezwa cha kusema. Akasema mama, bila kujaza huwezi kurudishwa kwenye orodha. Nyuma watu wakaanza kunung'unika kwamba hata wao walifika, kila mmoja akapandisha kikaratasi chake juu. Mkuu akatoka ofisini kwake kwa sababu ya zile kelele. Alitaka kufoka, kisha akamwona Mzee kwenye benchi, na fundi amesimama kando yake. Akamsogelea kwa heshima nyingi.

"Shikamoo mzee wangu. Huyu ni baba wa fundi wetu," aliwatangazia watu. "Yeye hapitishwi dirishani, amepanga foleni kama ninyi. Mzee, wewe ulifika mwezi wa tatu?"

Lilikuwa swali la kamari, na mkuu alilitupa akimtazama fundi machoni. Fundi alifungua mdomo. Mzee akawahi.

"Sikuja," alisema.

Mzee akasafisha koo, akarudia kwa sauti ileile aliyoitumia sokoni kusoma uzito mbele ya wateja. "Sikuja. Nilizembea. Kosa ni langu."

Fundi aliona kona ya kikaratasi ikichungulia mfukoni mwa shati, palepale juu ya moyo wa yule mtu ambaye wauza nyama walishindwa kumfanya aseme uongo wa robo kilo. Akajua kwamba baba yake alisikia yote jana.

"Mmeona?" mkuu akasema, na furaha ilimponyoka. "Baba wa fundi mwenyewe, mtu mzima, mkweli, amekiri. Ninyi wengine mnabisha nini?"

Mkunga alikuwa amegeuka. Alimtazama Mzee, akamsogelea, akainama kidogo kumwangalia vizuri. "Wewe ndugu yangu, si ndiye ulikuwa mbele yangu? Ulibebwa hivihivi. Kiatu chako kilidondoka ngazini, mimi nikakiokota."

Mzee hakumtazama. "Umenifananisha, dada."

"Nimekufananisha?"

"Mimi sikuja."

Mkunga alisimama hapo. Kitu kilianza kuondoka usoni mwake. Mume wake alikuwa amekufa akiwa hawatambui hata wanawe, na yeye tangu siku ile aliogopa jambo moja tu duniani, kwamba hilo litamfika yeye pia. Alikitazama kikaratasi chake kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. "Lakini mimi nakumbuka kiatu," alisema, taratibu, si kwa mtu. Kisha akasema labda ilikuwa mwaka jana. Labda ni kweli. Siku hizi husahau hata chumvi. Akarudi mezani, akaichukua kalamu, na kwenye mstari ule wa lazima akaandika: *Nilisahau.* Waliokuwa nyuma yake wakaanza kushusha vikaratasi vyao.

Fundi angeweza kuvumilia mengi. Alikuwa amevumilia kukanyagwa mguu, alikuwa amevumilia kuitwa wa muda miaka sita, na pengine angevumilia hata uongo wa baba yake, angeulipa taratibu kwa vidonge. Lakini kumwona mama yule akijivua akili zake kwa sababu ya ule mstari wa rafu ya chini alioutunga yeye ili asifiwe, hilo lilimshinda. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati la Mzee. Mzee akaukamata mkono wake kwa ule mkono mmoja mzima, kwa nguvu zake zote.

"Acha," alisema Mzee kwa kunong'ona. "Nimeshasema. Acha."

"Baba, niachie."

Mkono ulichelewa kuachia. Fundi akatoa kikaratasi, akaenda nacho mezani, akakilaza kando ya kile cha mkunga. Kimoja kilikuwa namba 1,147 na kingine 1,148.

"Mama, hukusahau," alisema. "Hukusahau kitu. Nilimbeba mimi. Kiatu kilikuwa cha kushoto, kwa sababu mguu huo haukishiki. Wewe ulisema watu wa siku hizi hawajui kufunga kamba."

Mkunga akamtazama akiwa bado ameshika kalamu.

"Wote mlifika," fundi akaendelea, sasa kwa watu wote, ingawa hakuweza kuwatazama. "Picha zenu zilikuwapo. Nilizihamisha vibaya kisha nikazifuta. Taarifa inayosema hamkufika nimeisaini mimi. Ni uongo."

"Fundi, ofisini kwangu," alisema mkuu.

"Nakuja, bosi. Nijaze fomu ya baba."

Akavuta fomu, akainama, na kwenye mstari wa sababu akaandika kwa herufi kubwa: *ALIFIKA.* Karani aliipokea, akaigonga muhuri haraka kabla mkuu hajamfikia, kisha akatazama dirishani kana kwamba mkono uliogonga si wake. Mkunga alifuta neno lake kwa mistari miwili iliyonyooka.

*

Ofisini kwa mkuu mambo hayakuchukua hata dakika kumi. Mkataba ulichanwa mbele yake, vipande vinne, na aliambiwa asubiri barua ya mashtaka nyumbani. Kuhusu wastaafu, mkuu alisema kanuni ni kanuni, malipo yatabaki yamesitishwa mpaka tume iundwe, ikae, na itoe majibu. Fundi aliuliza tume itaundwa lini. Mkuu akamwonyesha mlango.

Akamkuta Mzee palepale kwenye benchi, peke yake, kwa sababu watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogea. Wengine walimtazama fundi kwa chuki ya wazi, na mmoja alitema mate sakafuni karibu na kiatu chake. Wale waliomwombea dua asubuhi waligeuza nyuso. Fundi aliinama, Mzee akamkumbatia shingo, wakaanza kushuka.

Fundi alikuwa akienda mbio, ngazi mbili mbili, akitaka kutoka katika jengo lile.

"Polepole," Mzee akasema sikioni mwake. "Hakuna kazi tunayoiwahi."

Fundi akapunguza mwendo. Alisema baba, nisamehe. Mzee akasema kwamba katika maisha yake yote alisema uongo mmoja, akauchagua vizuri, akaupima, na mwanawe akaupiga muhuri mwekundu mbele za watu. Fundi hakujua kama ile ilikuwa lawama. Alihisi shingo yake imelowa upande ule ambao baba yake alikuwa ameweka uso, na hakugeuka kutazama.

Walipofika ghorofa ya kwanza walisikia hatua nzito nyuma yao na mtu anayehema. Fundi akasimama. Alikuwa mkunga, ameshika ukingo wa ngazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kiatu cheusi cha kushoto.

"Kimedondoka tena," alisema.

Alikifikia kile kiguu kilichoning'inia, akakivisha kiatu, akazivuta kamba na kuzifunga mafundo mawili. Mzee alimtazama mpaka alipomaliza.

"Asante, dada," alisema. "Na ya mwezi wa tatu pia."